Mvumo Katika Spika za Kompyuta na Namna ya Kutafuta Chanzo Chake

Mtu apitaye usiku chini ya transfoma iliyofungwa juu ya nguzo ya umeme, wakati magari yamekwisha kupungua barabarani, husikia mvumo mnene usiopanda wala kushuka. Mvumo huo hutoka katika chuma kilichomo ndani ya transfoma. Umeme wa gridi ya Tanzania, kama ule wa Kenya na Uganda, ni mkondo geu: hubadili mwelekeo wake na kurudi ulikoanzia mara 50 kwa kila sekunde. Katika kila mzunguko nguvu ya sumaku hufikia kilele mara mbili, mara moja ikielekea upande huu na mara ya pili upande wa pili, na kila mara chuma hujinyoosha na kujirudi kwa kiasi kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Kwa hiyo kinachosikika ni mitetemo 100 kwa sekunde. Mwenye kinanda akitaka kuulinganisha mvumo huo ataukuta karibu sana na sol ya chini.

Sauti iyo hiyo ndiyo imsumbuayo mtu aliyeunganisha spika na kompyuta yake ili asikilize muziki, hotuba au somo. Muziki ukinyamaza, mvumo hubaki. Spika ndogo za mezani haziwezi kutoa kwa nguvu sauti ya mitetemo 50, na sikio la binadamu nalo ni zito kusikia sauti nene kiasi hicho. Kinachosikika ni vigawe vyake, yaani 100, 150, 200 na kuendelea. Na kadiri vigawe vya juu vinavyozidi, ndivyo mvumo unavyoacha unene wake na kuwa mkali kama mlio wa nyuki aliyefungiwa chupani.

Wengi wapatapo usumbufu huu hukimbilia kununua spika nyingine. Spika mpya hufungwa mahali palepale, kwa kebo ileile, na mvumo hurudi vilevile, kwa kuwa tangu awali haukuwa ndani ya spika. Wapo pia wafanyao jambo baya zaidi, ambalo litaelezwa mbele: hukata waya wa ethi. Mvumo hunyamaza papo hapo, na chombo hubaki kikingoja siku ya kumwua mtu.

Kabla ya kushika bisibisi, yafaa kwanza kusikiliza. Kelele iliyo rahisi kuitambua ni ile ya kudunda, ta-ta-ta, ta-ta-ta, ijayo sekunde chache kabla ya simu ya mkononi kuita. Hii si kelele ya gridi. Simu inaposhika mtandao wa kizazi cha pili, yaani mfumo wa GSM, haitoi mawimbi mfululizo. Masafa yamegawanywa katika zamu nane, na kila simu husema katika zamu yake tu, kwa muda wa takriban sehemu 6 za elfu kumi za sekunde, kisha hunyamaza mpaka zamu irudi. Zamu hurudi mara 217 kwa sekunde. Spika haiwezi kuyasikia mawimbi yenyewe, ambayo hutetema mara milioni 900 kwa sekunde. Lakini transista za amplifaya huyapokea kupitia kebo, huyachuja bila kukusudia, na kubakiza ule mdundo wa kuwaka na kuzimika. Kwa njia hiyohiyo watu wakaao jirani na mtambo mkubwa wa kurushia matangazo ya redio ya masafa ya kati husikia wakati mwingine mtangazaji akisema ndani ya spika zao, ilhali hapana redio iliyofunguliwa. Dawa ya simu ni kuiweka mbali na kebo kwa hatua moja au mbili, na habari yake huishia hapo.

Kelele nyingine huja pale tu kipanya kinaposogezwa au diski inapofanya kazi: milio myembamba ya kukwaruza, ikifuatana na kila tendo la mashine. Hiyo hutoka katika kompyuta yenyewe, ambamo saketi za hesabu na saketi ya sauti hutumia njia moja ya kurudishia umeme. Kifaa kidogo cha sauti cha kuchomekwa nje, kwenye mlango wa USB, aghalabu huiondoa, maana saketi ya sauti huwa imehamishwa kutoka katika msongamano ule. Na pale mlio mkali unapoanza taa yenye swichi ya kupunguza mwanga iwashwapo, au nyumba inapohamia kwenye inveta ya bei nafuu ya betri au ya jua, mkosaji ni chombo hicho. Inveta za namna hiyo hazitoi wimbi laini la umeme bali wimbi la ngazi, lenye kona kali, na kila kona huzaa vigawe vingi vya juu.

Ukibaki mvumo mnene, usiofuata simu wala kipanya wala taa, hapo ndipo kazi ya upelelezi inapoanza. Vipimo vya kwanza havihitaji chombo chochote ila mkono na sikio.

Kipimo cha kwanza ni kitufe cha sauti cha spika zenyewe. Kikizungushwa mpaka chini kabisa na mvumo usipungue hata kidogo, chanzo kiko nyuma ya kitufe hicho, ndani ya amplifaya ya spika. Humo mkondo geu hupitishwa katika daiodi ili uwe mkondo wa mwelekeo mmoja, lakini mkondo utokao kwenye daiodi una mawimbi, mara 100 kwa sekunde, na kazi ya kuyasawazisha ni ya kapasita kubwa, kama tangi juu ya nyumba linavyosawazisha maji yajayo kwa vipindi. Kapasita za aina hii zina majimaji ndani yake. Joto huzikausha, watengenezaji hutaja maisha yake kwa saa chini ya nyuzi 85 au 105 za Selsiasi, na kanuni itumiwayo na mafundi ni kwamba kila joto lishukapo kwa nyuzi 10 maisha hayo huongezeka karibu maradufu. Spika zilizokaa miaka juu ya dirisha lenye jua la mchana zimekwisha kuyatumia mapema. Kapasita iliyochoka mara nyingi huvimba kichwani. Kuibadilisha ni kazi ndogo kwa fundi wa redio, lakini si ya mtu asiyezoea, kwa sababu hata baada ya plagi kuchomolewa huweza kubaki na chaji.

Mvumo ukipungua pamoja na kitufe, umeingia kabla yake. Basi kebo ya sauti na ichomolewe upande wa kompyuta, na kuachwa ikining'inia. Hapa wengi hudanganyika. Wakigusa ncha ya kebo kwa kidole spika hunguruma kwa nguvu, nao hudhani wameupata ugonjwa. Hawakupata kitu. Mwili wa binadamu, ukiwa umezungukwa na nyaya za nyumba, hushika kiasi kidogo cha umeme kama antena, na ncha iliyo wazi hupokea chochote kiigusacho. Ngurumo hiyo huonyesha tu kwamba amplifaya i nzima. Kipimo cha haki ni kuunganisha ncha hiyo na kifaa kingine kinachotumia betri, kama redio ndogo au simu. Kukiwa kimya, kebo na spika hazina lawama. Kukivuma bado, kebo itikiswe polepole karibu na plagi zake: ngao yake, yaani ule msuko wa nyaya nyembamba unaozunguka waya wa kati, hukatika mara nyingi pale inapokunjwa, na kebo isiyo na ngao ni antena tupu.

Pengine kebo i nzima bali imelazwa mahali pabaya. Transfoma iliyomo ndani ya chombo chochote ina uga wa sumaku unaoizunguka, na uga huo huweza kuingia katika kebo. Heri ni kwamba hudhoofika upesi mno: umbali ukiongezwa mara mbili, nguvu yake hupungua hadi karibu sehemu ya nane. Kwa hiyo kuisogeza kebo kwa shibiri moja kutoka kwenye chaja nzito au stebilaiza hufaa kuliko kununua kebo ya bei kubwa. Nyaya za umeme na za sauti zisilale pamoja kama kuni katika mzigo. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba.

Hata hivyo, chanzo kinachowashinda wengi hakimo katika chombo chochote kimoja. Kimo katika muungano wao. Mfano mzuri ni ukumbi wa mikutano au wa ibada. Kompyuta na projekta zipo mbele, zimechomekwa kwenye soketi ya ukuta wa mbele. Amplifaya kubwa ipo nyuma, kwenye soketi yake. Kila moja ikiwashwa peke yake huwa kimya. Kebo ya sauti ya mita 20 ikizifunga pamoja, ukumbi mzima hujaa mvumo. Fundi hubadilisha kompyuta, hubadilisha amplifaya, hubadilisha kebo, na mvumo haumjali.

Sababu yake ni hii. Vyombo vyote viwili vina waya wa ethi, unaounganisha bodi yake ya chuma na ardhi kupitia soketi. Ngao ya kebo ya sauti nayo huunganisha bodi ya huku na bodi ya kule. Hapo umeme hupata mzunguko kamili: kutoka kompyuta kwa ngao hadi amplifaya, kutoka amplifaya kwa ethi ya nyuma hadi sanduku la umeme la jengo, na kutoka hapo kwa ethi ya mbele kurudi kwenye kompyuta. Michael Faraday alionyesha jijini London mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika huzusha umeme katika waya uliofungwa kuwa duara, na ukumbi huu umefungiwa duara lenye upana wa jengo zima, katikati ya nyaya zinazobadilika mara 50 kwa sekunde. Zaidi ya hayo, ethi mbili za mbali hazilingani kabisa. Vyombo vingine, kama majokofu na viyoyozi, huvujisha mkondo kidogo ndani yake, na tofauti ya milivolti chache hutokea kati ya ncha moja na nyingine.

Milivolti chache si kitu kwa jokofu, lakini sauti itokayo kwenye kompyuta nayo ni ndogo: takriban milivolti 300. Tofauti ya milivolti 3 ikipita katika ngao, ambayo ndiyo pia njia ya kurudia ya sauti, huongezwa juu ya muziki kama sehemu moja kati ya mia. Sikio hupima sauti kwa uwiano, wala hubabaiki na sehemu moja ya mia. Katika chumba kilichotulia huisikia bila taabu. Na mtu akipunguza sauti ndani ya kompyuta hadi milivolti 30, kisha akaipandisha kwenye amplifaya ili kufidia, mvumo unakuwa sehemu moja ya kumi. Kinyume chake kina faida isiyogharimu senti: kompyuta ipandishwe hadi karibu na kilele, amplifaya ishushwe, na mvumo ulioingia njiani utashuka pamoja nayo.

Shida hii ina umri sawa na simu za waya. Simu za kwanza zilitumia waya mmoja tu, na ardhi yenyewe ikafanywa njia ya kurudia. Matokeo yake ni kwamba wasemaji walisikia mlio wa telegrafu za jirani na, baadaye, ngurumo za tramu za umeme. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alipata hataza ya nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, ambazo hupokea usumbufu kwa kiasi kilekile na kuufuta zenyewe kwa zenyewe. Studio za redio hutumia kanuni hiyo mpaka leo katika kebo zake za maikrofoni. Kebo ya kawaida ya spika za kompyuta, yenye waya wa kati na ngao, haina kinga hiyo.

Kuutambua mzunguko wa ethi ni rahisi kwa mwenye kompyuta mpakato. Chaja ichomolewe ukutani na kompyuta iachwe itumie betri. Mvumo ukikatika saa ileile, mzunguko umekatika pamoja nao, na hapana haja ya kutafuta zaidi.

Hapo ndipo fundi mwenye haraka anapofikiri hivi: ikiwa ethi ndiyo inayofunga duara, na iondolewe. Hukata waya wa ethi ndani ya plagi, au hufunga plagi ya pini mbili na kuisukumiza kwenye soketi kwa kuitangulizia kalamu katika tundu la juu. Plagi za pini tatu zitumikazo Afrika Mashariki zilirithiwa kutoka kiwango cha Uingereza kilichotolewa mwaka 1947, na pini yake ya ethi ilifanywa ndefu kuliko mbili nyingine kwa makusudi. Hutangulia kuingia ili chombo kishike ardhi kabla ya kushika moto, na huwa ya mwisho kutoka. Vilevile ndiyo ifunguayo vifuniko vya matundu mawili ya chini. Kalamu inayoingizwa mahali pake huvifungua vifuniko, lakini haishiki ardhi.

Kazi ya waya huo huonekana siku ya hitilafu tu. Ndani ya amplifaya gamba la waya wa moto huchubuka, na waya hugusa bodi ya chuma. Kama ethi ipo, mkondo mkubwa hukimbilia ardhini kwa njia hiyo, fyuzi hukatika au swichi ijikatayo hufyatuka, na mwenye chombo hulalamika tu kuwa hakiwaki. Kama ethi haipo, hakuna kinachokatika. Chombo huendelea kufanya kazi vizuri, muziki hulia, na bodi yake ina volti 230. Ukinzani wa mwili ukikadiriwa kuwa omu 1,500, atakayeigusa akiwa peku juu ya saruji yenye unyevu huweza kupitisha mkondo wa takriban miliampia 150. Swichi za kulinda watu dhidi ya umeme unaovuja huwekwa zijikate kwa miliampia 30, kwa sababu zaidi ya hapo moyo huweza kupoteza mapigo yake. Tena kebo ya sauti ingali imefungwa. Umeme wa hitilafu utafuata ngao yake nyembamba hadi kwenye kompyuta ya mbele, na kutoka hapo hadi kwa mtu ambaye hakuigusa amplifaya kamwe; au ngao itaungua na kuwasha moto njiani.

Ipo dalili moja inayopaswa kuchukuliwa kwa uzito. Mtu akigusa bodi ya chuma ya kompyuta akahisi mwasho kama wa sisimizi vidoleni, ethi haifanyi kazi mahali fulani. Kwa kawaida mwasho huo hutokana na kapasita ndogo za kuchuja zilizomo ndani ya chaja, ambazo hupitisha sehemu tu ya miliampia, na wenyewe hauui. Lakini huonyesha kuwa siku hitilafu ya kweli itakapotokea, mkondo hautakuwa na pa kwenda ila kwa mtu. Pengine plagi ina pini mbili tu. Pengine waya umelegea ndani ya soketi. Pengine fimbo ya ethi iliyozikwa nje ya nyumba imekula kutu, au udongo ulioizunguka umekauka katika kiangazi, maana ardhi kavu hupitisha umeme kwa shida. Ethi hupimwa kwa chombo maalumu na fundi umeme mwenye leseni. Haikisiwi.

Tiba halali za mzunguko wa ethi zipo, na ya kwanza ni nyepesi mno hata watu huidharau. Vyombo vyote vilivyounganishwa kwa kebo ya sauti vichomekwe kwenye ekstensheni moja yenye pini tatu, kutoka soketi moja. Hapo ethi zote hukutana katika nafasi ya shibiri moja, duara lililokuwa na upana wa jengo huwa dogo kama sahani, na tofauti ya milivolti hutoweka karibu yote. Kompyuta, projekta na amplifaya ya kadiri havizidi uwezo wa ekstensheni nzuri. Pasi na birika la umeme visiongezwe humo.

Pale umbali usiporuhusu, kama katika ukumbi ule, huwekwa transfoma ndogo ya sauti kwenye kebo. Ina koili mbili zisizogusana, zimezungushiwa chuma kimoja. Muziki huvuka kutoka koili moja hadi nyingine kwa sumaku, kama Faraday alivyoona, lakini hapana waya unaoendelea, hivyo duara limevunjika huku ethi za vyombo zote zikibaki salama mahali pake. Zile za bei ya chini kabisa hupoteza sauti nene za ngoma na besi. Kwa hotuba hazina neno, kwa muziki ni afadhali kuongeza fedha. Kompyuta au televisheni yenye tundu la sauti ya mwanga hufanya vema zaidi ya hapo, kwa kuwa uzi wa plastiki upitishao mwanga haupitishi umeme. Bluetooth nayo hukata duara kwa njia hiyohiyo, ingawa sauti huchelewa kidogo nyuma ya picha.

Baadhi ya mafundi hukata ngao ya kebo upande mmoja, wakiacha ethi za vyombo salama. Ujanja huo hufaa katika kebo za studio zenye nyaya mbili ndani ya ngao. Katika kebo ya kawaida ya kompyuta ngao ndiyo waya wa pili wa sauti, na akataye huirudisha kazi nyuma, kwani mvumo utakaofuata utakuwa mkubwa kuliko ule alioanza nao.

Ukumbi ukikwisha kufungwa transfoma ya sauti, jaribio la mwisho hufanywa usiku, watu wakiwa wameondoka na feni zimezimwa. Kompyuta huwashwa bila muziki, amplifaya hupandishwa hadi kiwango cha matumizi, na fundi huweka sikio karibu na spika. Atakachosikia ni mchirizi mwembamba kama wa mvua ya mbali, utokao katika transista zenyewe, ambao hakuna waya wa kuuondoa.